Jinsi ya Kuwinda Galaksi Isiyotaka Kuonekana

Kwanza kabisa, acha kuililia darubini kubwa. Kioo kikubwa hukusanya nuru nyingi, sawa, lakini pia hutawanya mwanga wa nyota kali zilizo karibu, na utando wa mwanga huo ukishaenea, galaksi hafifu ndiyo imekwenda. Mwaka 2013 wanaastronomia Pieter van Dokkum na Roberto Abraham walifunga pamoja lenzi 8 za kamera za milimita 400, zile zile wanazobeba wapiga picha pembeni mwa uwanja wa mpira, wakazielekeza angani kutoka New Mexico, Marekani. Chombo wakakiita Dragonfly. Mwaka 2015 walitangaza galaksi hafifu 47 upande wa kundi la galaksi la Coma, zaidi ya miaka ya nuru milioni 300 kutoka hapa. Baadhi zina upana wa kukaribiana na galaksi yetu, ila nyota zake hazifiki hata asilimia 1 ya tulizonazo sisi.

Pili, ichunge programu yako ya kusafisha picha. Yenyewe ikiona mng'ao mpana uliotulia huhesabu kuwa ni anga tupu, ikauondoa. Hufagia vumbi pamoja na pete ya bibi. Galaksi ngapi zimepotelea humo!

Ukiipata, usikimbilie kutangaza. Doa hafifu laweza kuwa kibete wa jirani au pandikizi la mbali, na picha peke yake haikwambii. Galaksi ya NGC 1052-DF2 ilitangazwa mwaka 2018 kuwa karibu haina maada giza, ile isiyoonekana ambayo kwa kawaida galaksi hujaa nayo, kwa umbali wa miaka ya nuru milioni 65 hivi. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaisogeza hadi milioni 42, na kwa umbali huo ajabu yote ikayeyuka. Mwaka 2021 darubini ya Hubble ikaipima nyota moja moja, jibu likawa milioni 72. Pima umbali, kisha upime tena.

Na kabla hujaomba hata usiku mmoja wa darubini, fungua ghala la picha za zamani. Baada ya zile 47 kutangazwa, mwanaastronomia Jin Koda na wenzake walipekua picha za Coma ambazo darubini ya Subaru, Hawaii, ilikwisha kuzipiga. Walikuta galaksi hafifu 854. Anza huko.