Posa ya Mbwa: Ulizia Ukoo Kwanza

Ukitaka kumuoza mbwa wako hapa Kalemie, anza kama wazazi wanavyoanza wakiletewa posa: ulizia ukoo. Jirani atakuja na dume mwenye kifua kipana na masikio wima. "Papa, angalia hii imbwa, iko na nguvu sana!" Mwache amalize. Kisha muulize: mama yake alikufa kwa ugonjwa gani, akiwa na miaka mingapi? Ndugu zake wa tumbo moja wanaishi wapi? Akikosa majibu, posa isubiri.

Nashikilia hili kwa sababu ya basenji, mbwa wa kwetu Kongo, mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wenzake. Jina lake ni "washenzi" kwa matamshi ya huku. Waingereza walianza kumzalisha kwao miaka ya 1930. Waliochukuliwa walikuwa wachache, vizazi vikaozana ndani ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukapata makao. Figo hushindwa kurudisha sukari kwenye damu, sukari ikaishia kwenye mkojo. Tena hujitokeza kwa kuchelewa, mara nyingi kati ya miaka 4 na 8, mbwa akiwa amekwisha kuitwa babu. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kutafuta damu mpya.

Tangu 2011 jeni yenyewe inapimika: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu, kikapelekwa maabara. Hesabu yake ni ile ile ya SS, ugonjwa wa selimundu, wanayoulizwa wachumba kabla ya harusi. Wabebaji wawili, yaani walio na nakala moja ya jeni mbovu bila kuugua, wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mbebaji akiolewa na aliye safi, hakuna atakayeugua. Basi usimfukuze mbebaji, mtafutie mchumba safi. Tukiwatupa wabebaji wote, ukoo utabana tena kama ulivyobana Uingereza.

Maabara ikiwa mbali na mfuko wako, nenda duka la dawa ukanunue vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Asubuhi mfuate dume, subiri ainue mguu, kinga. Watoto wa mtaa watacheka. Wewe kinga tu. Kijiti kikionyesha sukari, mpeleke kwa daktari wa mifugo apime na damu. Damu ikiwa ya kawaida na mkojo una sukari, shaka ni ya figo, na harusi isimame. Ila kijiti hakimwoni mbebaji, wala mgonjwa ambaye siku zake hazijafika. Ndiyo maana bado nataka habari za bibi na babu, na kaka na dada wasiozwe kamwe.

Na kama jike wako ana damu ya basenji, kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Muda wa kuulizia unao.