Ombi la Kuwapima Unyevu Wasema Kweli

Kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa,
Nairobi.

KUH: UKWELI WA WANASIASA UNAOUZWA BILA ALAMA YA UBORA

Waombaji ni wakulima wa Molo, Njoro, Rongai na Mau Narok, pamoja na akina mama mboga wa jiji la Nakuru. Wao hawajambo, ila wamechoka.

Wamechoka kupimwa. Mahindi yao yakifika kwenye bohari, gunia huchomwa chuma tumboni, na unyevu ukizidi asilimia 13.5 mzigo hurudi nyumbani. Maziwa hutumbukizwa kipimo, yakishukiwa kuwa na maji hukataliwa mbele ya majirani. Viazi ni kilo 50 kwa gunia tangu kanuni za 2019, ingawa dalali bado hulivika gunia kilemba na kuliita mukorino. Hakuna kinachotoka shambani bila kupimwa. Kinachokuja shambani kikiwa kimechomoza juu ya paa la gari, kikipaza sauti kwamba hakijui kuzungusha maneno, hicho hakijapimwa na mtu yeyote hadi leo.

Bidhaa yenyewe Shirika linaijua. Huvaa gambuti zilizonunuliwa asubuhi ile ile. Husimama Salgaa kula hindi la kuchoma, humtukana mkubwa mmoja asiyekuwepo, na umati hupiga mbinja: huyu hana unafiki! Waombaji wanakiri udhaifu wao. Mtu aliyesomewa hotuba za ofisini miaka nenda miaka rudi, akimsikia kiongozi anasema "pesa zimeliwa", huhisi kama amepewa maji baridi. Kosa lao ni kudhani kwamba penye ulimi mkavu hapakosi moyo mkavu.

Kwa hiyo wanaomba mashine.

Iwekwe Nakuru, mahali penye uwanja mpana. Msema kweli aletwe juu ya lori saa kumi usiku na kupanga foleni kando ya barabara. Akae siku tatu humo humo, na kila kukicha mwenye lori amwongezee kodi. Zamu yake ikifika, karani aende kunywa chai. Akirudi, amchome chuma kifuani taratibu, bila kumuumiza, atoe sampuli kutoka juu, katikati na chini kabisa, maana waombaji wanajua kwamba nafaka nzuri hupangwa juu. Sampuli ipepetwe kuondoa makapi, itazamwe kama ina ukungu, kisha mashine isome. Ikisoma 13.6, arudishwe. Asilie, asiseme anamjua mtu Nairobi. Atandazwe juu ya turubai kando ya barabara kuu, na watoto waliofunga shule wamgeuze kwa miguu kila baada ya saa moja, mawingu yakitanda wamkusanye mbio. Akikauka apakiwe upya, kilo 50 kamili bila kilemba, na mgongoni apigwe muhuri wa tarehe ya kuharibika. Kwa shehena ya mwaka 2022, waombaji wanakisia tarehe hiyo ilikuwa 9 Agosti, vituo vya kura vilipofungwa.

Mashine yoyote husahihishwa kwanza kwa sampuli zinazojulikana. Waombaji wameokota chache.

J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionya kuhusu nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa tajiri mwenye shamba Gilgil. Mashine ingesitasita hapo. Lakini Machi 1975 maiti yake ilipatikana Ngong. Koigi wa Wamwere wa Nakuru Kaskazini alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka enzi za Kenyatta, na tena enzi za Moi. Hawa, lolote jingine litakalosemwa juu yao, bili ya ukweli wao waliilipa wenyewe.

Sampuli ya 1976 ni ngumu zaidi. Wanasiasa walisimama hapa Nakuru na kusema peupe kwamba Katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asishike usukani rais akifariki. Walimaanisha kila neno. Moi, waliyemlenga, akawa rais 1978. Mashine ing'amue basi kwamba mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado mkulima asiambulie chochote.

Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais, alijinadi kuwa mtu mkweli, na mwaka 2023 aliifananisha serikali na kampuni yenye wenyehisa. Kauli hiyo ya wenyehisa ikaingia katika hoja za kumng'oa, na Seneti ikamwondoa 17 Oktoba 2024. Tangu hapo amefichua mengi kuhusu serikali aliyoitumikia miaka miwili. Waombaji hawasemi anadanganya. Wanauliza tu kwa nini mahindi haya yalikauka baada ya kutolewa ghalani.

Bosi wake, Rais mwenyewe, alikuja na wilibaro na simulizi ya kuku aliowauza kando ya reli. Waombaji hawana ugomvi na kuku. Ugomvi wao ni Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ulipoletwa ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na ambao Rais alikataa kuutia saini 26 Juni, siku moja baada ya vijana kupigwa risasi nje ya Bunge.

Halafu kuna neno madoadoa, la kuwaita majirani wa makabila mengine. Neno wazi, halina mafumbo, mtoto analielewa. Waliolitamka Bonde la Ufa miaka ya tisini walisifiwa kwa kusema wanachokiona, na mwaka 1992 Molo ikawaka. Januari 2008 ikawa zamu ya Nakuru mjini na Naivasha. Januari 2022 seneta wa Meru, Mithika Linturi, alilitamka Eldoret. Akakamatwa, akaomba radhi, na kabla mwaka kwisha akawa Waziri wa Kilimo. Mwaka 2024, wizara ikiwa mikononi mwake, wakulima waligundua kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku waliyouziwa haikufikia viwango. Bunge lilipiga kura ya kumng'oa, kamati yake ikasema madai hayakuthibitishwa. Mahindi yakabaki manjano. Watu wamezika ndugu zao kwa sababu ya msema kweli, wakaambiwa wasameheane, halafu wakaletewa msema kweli mwingine awapimie mbolea! Nani aliwahi kumrudisha yeye kwa asilimia 0.1?

Waombaji wanaomba radhi kwa kupandisha sauti.

Maombi mengine ni madogo. Gambuti za kampeni zipimwe tope. Anayekula mutura mbele ya kamera alipe kabla ya kuondoka. Anayebadilisha lafudhi akivuka Gilgil atangaze mzigo kizuizini. Neno "sitawadanganya" litozwe ushuru.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na gambuti mpya zimeanza kuonekana Rongai. Waombaji tayari wameulizia lori, turubai wanazo, na watoto wako tayari. Wanaomba Shirika liwajulishe jambo moja tu kwa wakati: foleni ianzie lango gani?

Wenu watiifu,
Waombaji.