Bosi Hana Cheo Kwenye Simu

Baba Mdogo, Shangazi, na wote mliopo barazani hapo Makorora, Tanga,

Msianze kunong'onezana kwamba nimeishiwa. Naandika kwa sababu jana mtu alikuja kuniomba radhi kwa kelele ambazo bado hajazipiga.

Alibisha hodi jioni, kofia ya ujenzi kaibana kwapani, akainama mpaka nikaona utosi. Akasema kuanzia Jumatatu kampuni yake inavunja nyumba ya jirani, patakuwa na vumbi na vishindo, na wanasikitika mno. Kisha akanikabidhi kwa mikono miwili taulo jipya lililofungwa kwenye karatasi, na juu yake pameandikwa *soshina*. Maana yake, Shangazi, ni "kitu hafifu". Wala hakuandika yeye kwa kalamu, limechapwa hivyo hivyo kiwandani. Kuna watu Japani wanaamka alfajiri, wanapanda treni, wanakwenda kuchapa "kitu hafifu" juu ya taulo zuri la pamba. Nikamkumbuka yule jirani yetu aliyemwaga mchanga wake njiani ukakaa mpaka ukaota majani, na tulipomuuliza akasema kwani njia hii ya baba yenu?

Sasa nije kwenye kesi yangu. Habari zimenifikia kwamba Baba Mdogo ametangaza barazani kuwa nimeota mapembe. Eti tukiwa tunaongea WhatsApp alinisikia nikipokea simu ya ofisi na kumtaja bosi wangu kwa jina kavu, bila ile "san" ya heshima ambayo siku zote naibandika. Tuseme bosi anaitwa Tanaka, maana huku akina Tanaka ni wengi kama akina Juma kwetu. Ni kweli, nilisema Tanaka. Lakini Baba Mdogo, nilikuwa natii sheria.

Sheria yenyewe ni hii. Ndani ya ofisi bosi ni Tanaka-san, tena kwa cheo chake, na hata vitenzi vyake vina ngazi: yeye hali kama tunavyokula sisi, wala haji kama tunavyokuja sisi, ana vitenzi vyake vya juu. Ila mteja akipiga simu, mteja ni mtu wa nje, na mimi na bosi sote ni wa ndani. Mbele ya mtu wa nje huwezi kumtukuza mtu wa kwenu, ni kama unajisifu. Basi hapo hapo namvua bosi "san" yake, namvua cheo, namshusha na vitenzi, nasema "Tanaka hayupo mezani" kwa kitenzi kile kile ninachojisemea mwenyewe nikiwa mnyonge. Naye bosi kakaa mbele yangu ananisikia, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikithubutu kumwita Tanaka-san mbele ya mteja, ndipo nitaitwa pembeni.

Mnafikiri yameisha? Akipiga mke wa bosi, Tanaka anapandishwa tena mpaka kileleni, maana mke ni mtu wake na mimi ndiye mtu baki. Kwa hiyo kabla sijajua bosi leo ni mrefu au mfupi, lazima nijue anayepiga ni nani. Mwaka 2007 baraza la serikali linaloshughulikia utamaduni lilitoa mwongozo ulioyagawa maneno ya adabu katika mafungu matano, wakati shuleni watu walizoea matatu. Wajapani wenyewe hununua vitabu vya kujifunza haya, na vijana wanaoanza kazi kila Aprili hufundishwa mpaka nyuzi za kuinama: 15 kwa kupishana ukumbini, 30 kwa mteja, 45 kwa shukrani kubwa au kuomba radhi.

Kwetu Mzee ni Mzee. Akija Rais mwenyewe hapo Makorora, Babu hawezi kugeuka "Babu mtupu" kwa sababu kuna mgeni. Huku hata Mama ana majina mawili: nikiwa naye ni *okaasan*, nikimtaja kwa watu wa nje ni *haha*, neno dogo lisilo na pambo. Ofisini wakiniuliza habari zake nasema *haha* hajambo, na kila nikisema naona kama nimemwacha mtu mzima amesimama bila kiti. Mwambieni namwamkia shikamoo hapa hapa kwenye karatasi. Huku nainama kutwa nzima, ila hakuna wa kuniitikia marahaba.

Kazini, kama mnavyojua, nawaandikia wateja wa Dar na Mombasa kuhusu magari. Katika barua zetu za Kijapani sisi ni *heisha*, yaani kampuni yetu hii duni, na kampuni ya mteja huandikwa *kisha*, nalo kwao ni neno la utukufu, msicheke. Halafu kuna *sasete itadakimasu*, ambayo ukiikamua inatoa "tunapokea kwa unyenyekevu ruhusa yako ya kufanya jambo hili". Mgahawa wa tambi hapa mtaani umebandika kibao cha namna hiyo mlangoni: tunapokea kwa unyenyekevu ruhusa yako ya kufunga leo. Ruhusa nimeitoa saa ngapi, na mlango una kufuli? Basi ningewatafsiria wateja wa Kariakoo neno kwa neno, wangesoma kwamba kampuni duni inaomba idhini ya kuwatumia ankara. Mtu wa Kariakoo akisikia kampuni duni, hela zake zinaondoka na yeye. Kwa hiyo mimi naandika: "Karibu bosi, gari safi, bei ya maelewano." Nalipwa mshahara kuipunguzia kampuni adabu.

Hata magari yananyenyekezwa. Kila gari la mnadani lina karatasi ya ukaguzi yenye mchoro, na kwenye mchoro kila ila imeandikwa: A1 mkwaruzo mdogo, U1 kibonyeo, S kutu, XX kipande kilichobadilishwa. Dalali wa kwetu hajawahi kuona XX maishani mwake. Gari lake siku zote lilikuwa la mama mmoja, kazini na nyumbani tu.

Na muhuri, jamani! Huku fomu ya ofisi hupigwa mihuri kwa safu, kila mtu na kisanduku chake, mkubwa kushoto na wadogo kulia. Ziko ofisi, yetu ikiwemo, ambako mdogo hupiga muhuri wake ukiwa umelalia kushoto kidogo, ili jina lake limwinamie jina la bosi. Nikadhani kompyuta zitatuokoa. Wapi! Programu za mihuri ya kielektroniki nazo zinakuruhusu kuuzungusha muhuri upate mwinamo unaoutaka. Jina langu la ukoo ni refu, limebanwa duarani kwa herufi ndogo ndogo, na likilazwa linaonekana kama mtu aliyetoka harusini usiku wa manane. Mimi niliyekuwa naitwa Mheshimiwa kwa kushika kipaza sauti kwenye harusi za Ngamiani, leo hata jina langu linapiga goti.

Jirani yangu wa meza anatoka Chengdu, Uchina, naye anasema Wajapani haya wamejifunza kwao, na kweli neno la unyenyekevu lenyewe wanaliandika kwa herufi zile zile. Wazee wa Kichina katika barua waliita nyumba yao *hanshe*, kibanda cha baridi, na mtoto wao wa kiume *quanzi*, mtoto wa mbwa. Wajapani wa zamani wakamwita wa kwao *tonji*, mtoto wa nguruwe. Nalitamka taratibu, Shangazi, usitupe barua. Ukimsifu Mchina wa makamo kwamba anapika vizuri, hujibu *nali nali*, yaani "wapi, wapi?" Nikamwambia hilo tunalo: Shangazi yangu huwaambia wageni "karibuni, leo hamna kitu" huku nyuma yake kuna sinia la pilau linalohitaji watu wawili kulibeba.

Ila kujishusha na kushushwa ni mambo mawili. Kujishusha wenyewe hawaoni tabu: mwaka 2016 kampuni ya barafu za Garigari-kun ilipandisha bei kutoka yeni 60 hadi 70, baada ya miaka 25, ikatangaza kwenye televisheni viongozi na wafanyakazi wamejipanga wanainama. Mwaka 2017 shirika la treni ya Tsukuba Express liliomba radhi kwa sababu treni iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Kwenye stendi zetu za mabasi sekunde 20 hazina hata jina. Lakini mwaka 2013 mteja mmoja huko Sapporo alipomlazimisha mfanyakazi wa duka la nguo apige *dogeza*, magoti na paji la uso chini, polisi walimkamata mteja. Kuinama ni kwako, kuinamishwa ni kosa la jinai. Mimi hapo nimewavulia kofia.

Basi Baba Mdogo, nakuomba ufute kauli yako barazani, tena mbele ya watu wale wale. Na ukitaka kunipigia, piga saa nane mchana za Tanga. Hapa huwa ni saa mbili usiku, nimeshatoka kazini.

Ni mimi mwanenu,
Yokohama