Kadi Kwenye Pindo la Kanga

Mume wangu alinunua Canon EOS 1300D ya mtumba kule Kariakoo, na kabla hata hajaizoea, Mjomba akateremka kutoka Muscat na Nikon D3300, zawadi ya harusi ya mdogo wangu. Nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ikawa na kamera mbili za DSLR, zote za daraja la wanaoanza, na kila mtu mzima akawa na lake la kusema. Kaka alishika upande wa Nikon. Mume wangu hakutaka kusikia Canon yake ikisemwa. Baba alikuwa na hoja moja tu: kama kamera zipo, pesa iliyotengwa kwa mpiga picha irudi kwake aongezee kwenye ng'ombe wa walima. Ikarudi. Kwa hiyo tukawa hatuna mpiga picha, tuna kamera.

Kaka alianza na namba, maana namba zilikuwa upande wake. Nikon ina megapikseli 24, Canon 18. Nikon hufyatua picha 5 kwa sekunde, Canon 3. Betri ya Nikon imepimwa kwenda picha 700 kwa chaji moja, ya Canon 500. "Shemeji, na yako ndiyo mpya, imetoka 2016! Hii ya 2014," alisema. Mume wangu akamjibu kwa vitendo. Alipiga picha kuku wa Mama uani, akagusisha simu yake ubavuni mwa Canon, na kahawa haijapoa picha ikawa imeshamfikia Mjomba chumba cha pili. Nikon hiyo haina wai-fai ndani yake. Inataka kifaa cha kuchomeka kinachouzwa peke yake, na Mjomba hakuja nacho.

Mimi namba zile sikuzipa uzito. Picha ya kutundika ya ukubwa wa A4 inatosheka na megapikseli 9 hivi, na kwetu hakuna wa kutundika bango. Nilitaka kujua sura ya Bibi itatokaje.

Bibi hukaa barazani asubuhi, kivulini, na nyuma yake kuna ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, unawaka kwa jua. Mahali kama hapo ndipo kamera inapomwonea mtu mweusi. Kipimo cha mwanga hukadiria kwamba vyote vilivyo mbele yake, vyeupe na vyeusi vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Kikikutana na ukuta mweupe hupunguza mwanga, ukuta unapona, uso wa mtu unazama. Tumelelewa na albamu za namna hiyo, meno na macho vinaonekana, kilichobaki ni giza. Babu tunaye kwenye picha moja tu, na ni ya hivyo. Wajukuu waliozaliwa baada yake wakiuliza pua zao wamezitoa kwa nani, hatuna cha kuwaonyesha. Jambo hili linaniuma, na sikutaka limkute na Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Tulia hapo hapo."

"Marahaba. Usinitoe kama babu yako."

Kamera zote mbili zikiwa kwenye oto, zilimtoa kama Babu. Tofauti ilianza nilipoziondoa huko. Nikon ina kipimo cha nukta kinachosoma kiduara kidogo tu, kama asilimia 2.5 ya picha, pale pale unapofokasi; nikakiweka shavuni mwa Bibi. Canon 1300D haina hicho. Kipimo chake chembamba kuliko vyote husoma kama asilimia 10 ya katikati, na mtu akikaa mbali kidogo chokaa inaingia humo humo. Usiku nikazifungua faili ghafi kwenye kompyuta na kupandisha vivuli vya picha za kila kamera kwa kiasi kilekile. Uso uliotoka kwenye Nikon ukafunguka: makunyanzi ya pembeni mwa jicho, ndewe zilizolegea kwa vipuli alivyoviacha zamani, hata weusi wa shavu ukatofautiana na weusi wa paji pale lilipopakana na mtandio. Uso uliotoka kwenye Canon ulikuja na chengachenga, na ndani ya mtandio ikapita mistari iliyonyooka ambayo kwenye kitambaa haipo. Sensa za Canon za miaka ile ndivyo zilivyokuwa. Mwanga ukiwa mzuri tangu mwanzo huwezi kuiona kasoro hiyo, lakini ukianza kuvuta vivuli inajitokeza.

Nikasema waziwazi wakati wa kula: kwa nyuso zetu na baraza zetu, Nikon. Mume wangu akala kimya. Wifi yangu, ambaye ni dada yake wa damu, akasema tusubiri usiku wa kesha.

Harusi zetu za pwani zina upande wa wanawake, na mwanamume haingii huko na kamera. Kesha ilifanyika sebuleni kwa Shangazi, taa za bomba mbili na vitaa vya rangi, kinamama wamevua mabuibui, hina mpaka viwikoni, ngoma inapigwa. Mimi nilishika Nikon, wifi Canon. Kwa giza lile lenzi zilizokuja na kamera hazikufaa, kwa sababu ukizivuta mpaka milimita 55 tundu lao haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya hapo. Mume wangu alikuwa amenunua na Canon yake ile lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 STM. Kaka naye, asikubali kushindwa, alikwenda kwa fundi wa studio mtaani akaazima 50mm f/1.8D ya Nikon, ya zamani, imetunzwa.

Ilikaa kwenye kamera vizuri kabisa. Mdogo wangu akaingia katikati ya wanawake, mkufu wa asumini shingoni, nikabonyeza, kamera ikakataa. Kwenye kiwambo zikawa zinapepesa herufi fEE. Nikamtuma mtoto kwa Kaka mlangoni, Kaka akakimbia kwa fundi, jibu likarudi kwa mdomo wa mtoto yule yule: zungusha pete ya lenzi mpaka 22, ile namba ya rangi ya chungwa, kisha ifunge. Nikafanya hivyo, ikafyatua.

Ila haikufokasi yenyewe, na hapo fundi hakuwa na dawa. DSLR za Nikon zimeshikilia mlango wa lenzi wa tangu 1959, ndiyo maana lenzi nyingi za zamani hupachikika. Lakini lenzi nyingi za aina ya D, kama ile, huendeshwa na mota iliyomo kwenye mwili wa kamera, na D3300, kwa kupunguza bei na uzito, haikuwekewa mota hiyo. Canon ilibadilisha mlango wake mwaka 1987 na kuweka mota ndani ya kila lenzi ya EF, kwa hiyo hata kamera yake ya bei ya chini inazifokasisha zote. Usiku kucha nilifokasi kwa mkono, nikingojea ile nukta ya kijani ndani ya kitundu cha kuchungulia. Mtu akikaa tuli, nukta inawaka na picha inatoka safi. Mtu akicheza, nukta inazimika, na usiku wa kesha nani anakaa tuli? Wifi alikuwa anabonyeza tu. Canon ilishinda usiku ule kwa haki kabisa, na nilimwambia hivyo mbele ya mawifi wengine.

Balaa likaja usiku wa manane. Betri ya Canon ilikwisha, wifi akampa mpwa wangu, kijana wa sekondari, kamera yenyewe aipeleke kwenye chaja nyumba ya pili. Kijana alipochomoa betri na kuweka ya akiba ili ajaribu, akagusisha simu yake ubavuni mwa kamera kama alivyomwona mume wangu akifanya. Simu hiyo nayo ilikuwa imeunganishwa tangu siku zile za picha za kuku. Shangazi alipopita akamkuta ameinamia kioo, na kwenye kioo yumo yeye Shangazi, kichwa wazi, mikono juu, anacheza.

Ukelele wake ulikatisha ngoma. Kinamama wanavua mabuibui kwa sababu wameaminiana, na uaminifu huo ndio unaoifanya kesha iwe kesha. Sikumlaumu hata chembe. Mama hakupiga kelele. Alikagua simu mwenyewe, akafuta, akahakikisha hakuna kilichotumwa, kisha akanyoosha kiganja: "Kadi." Wifi akaitoa. Mama akaifunga fundo kwenye pindo la kanga yake, akasema ile nyingine isiyotuma ndiyo kamera yenye heshima. Kwa hiyo jambo ambalo mume wangu alilihesabu kuwa ubora wa Canon ndilo lililoitia doa.

Asubuhi kanga zote za kesha zilikusanywa na kulowekwa kwenye beseni la sabuni. Mama alikumbuka akiwa anapaka siagi kwenye mkate. Tulikimbilia uani sote. Dada wa kazi alikuwa ameshafikia kanga ya tatu, na fundo lile lilikuwa bado limekaza, povu linatoka kwenye nyuzi. Wifi alilia, na alikuwa na haki: picha zote nzuri za mdogo wangu usiku ule zilikuwa humo.

Kaka alitaka kuichomeka hapo hapo. Nikamzuia. Kadi ya SD haina kitu kinachozunguka ndani yake, maji peke yake mara nyingi hayaiui. Kinachoua ni kuipitishia umeme ikiwa bado na maji. Tuliisuuza kwa maji safi kuondoa sabuni, tukafuta zile sahani ndogo za shaba kwa kitambaa laini, tukaiweka mbele ya feni kivulini hadi siku ya pili. Ikasoma. Picha zote zilikuwemo, na Shangazi anayecheza akiwemo. Alipoiona akacheka, akaitaka, akaagiza isafishwe kubwa. Tulisafishia kwa mama mmoja mwenye mashine yake nyumbani, wala hakuna picha iliyopita studio.

Mama alitoa hukumu ambayo hakuna aliyeipinga. Nikon inabaki nyumba kubwa, kwa ajili ya Bibi na mambo ya wanawake. Canon iende kibandani kwa mume wangu, anapouza vitenge, apige picha mzigo mpya na kuwatumia wateja papo hapo. Kwa kazi hiyo sijaona kinachoizidi. Zote zinalala kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana joto la pwani lenye unyevu na mkoba wa ngozi hukaribisha kuvu kwenye vioo vya lenzi.

Mjomba amerudi Muscat na ameuliza alete nini safari ijayo. Nimemwandikia: AF-S DX 35mm f/1.8G. Hizo herufi AF-S nimezipigia mstari, amwonyeshe muuzaji, asikubali lenzi isiyokuwa nazo hata ikiwa nusu bei.