Hita Inayobadili Mawazo

Anayeishi Singida hahitaji kuelezwa kwa nini watu hununua hita ya shawa. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, uwanda wenyewe mtupu, na ikifika Julai upepo wa alfajiri unaingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Yetu ilianza vituko mapema. Tak! Imewaka, maji ya kunyonyolea kuku. Tak! Imezima, yanakuja ya kisimani. Umeshajipaka sabuni, unatetemeka kwenye kona, tak, imewaka tena. Tuliokuwa sebuleni tulijua hali ya joto kwa mayowe ya anayeoga.

Fundi umeme alipima nyaya akasema umeme hauna neno, tatizo maji. Fundi bomba alifungua na kufunga koki akasema maji hayana neno, tatizo umeme. Wote wawili walidai nauli. Jirani, ambaye hana hita, ndiye aliyetoa ushauri mrefu kuliko wote.

Bibi alikuja kututembelea kutoka Ilongero.

“Shikamoo bibi, maji ya kuoga tayari.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Yako wapi?”

“Kwenye hita.”

“Nibandikie sufuria. Hayo ya ukutani yaache yaoge yenyewe.”

Kumbe mafundi wote wawili walikuwa na nusu ya ukweli. Ndani ya hita kuna kiwambo cha mpira: maji yakikisukuma vya kutosha, swichi inajifunga na koili inapata moto. Msukumo ukilegea, swichi inaachia, koili isije ikaungua. Na maji yakiwa machache yanachemka haraka, kidhibiti joto nacho kinakata, yakipoa kinarudisha. Presha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuhurumiwa. Maji hupata bar moja kwa kila mita 10 za kushuka. Simtanki letu limeizidi shawa kwa mita moja na ushee. Juu ya hapo, maji ya kisima chetu yana chumvi, na matundu ya shawa yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe.

Kuinua tenki? Mwashi alitaja mifuko ya saruji, tukabadilisha mazungumzo. Pampu nayo ingemaanisha umeme ukikatika hata maji ya baridi hupati. Tukaloweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha, tukatoboa matundu kwa sindano, tukashusha hita kwenye moto mdogo. Bafu lilinuka kachumbari, lakini tak ikakoma.

Hapo ndipo tulipojua ile kuzimazima ilikuwa inatuokolea pesa. Hita ya kilowati 5.5 ikiwekwa kwenye moto wote hula uniti moja kwa dakika 11 hivi, na hata kwenye moto mdogo, kijana wetu wa sekondari akishaingia bafuni hatoki mpaka LUKU ianze kulia. Tumeshamnunulia sufuria yake.