Namna ya Kumjibu Anayekuuliza Kitambi Umekitoa Wapi

Kwanza, malizia tonge lililo mdomoni. Ushauri wa kitambi una tabia ya kuja mtu akiwa anakula, na ukijibu haraka utapaliwa. Tafuna, meza, nawa vidole, ndipo umgeukie shangazi yako aliyekubonyeza ubavuni mbele ya watu akasema, "Mwanangu, hilo tumbo! Acha wali." Mwambie ahsante, maana anakupenda, kisha muulize kwa adabu: "Shangazi, ni wali peke yake?"

Atasema ni wali na ugali. Wifi aliyekaa pembeni atadakia kwamba ugali hauna neno, tatizo ni maharage, yanajaza gesi na gesi ikizoea inageuka kitambi. Mjomba atalitaja parachichi kwa sababu lina mafuta. Jirani atataja mayai. Mwingine atataja ndizi mbivu zikiliwa usiku. Chukua karatasi uandike. Mimi niliandika siku ya kikao chetu cha vikoba, nikiwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni na tumbo ambalo kila mwanachama alikuwa na neno juu yake. Vyakula kumi na kimoja vilipigwa marufuku kabla hata marejesho hayajahesabiwa. Nilipovifuta vyote nilibaki na mchicha wa kuchemsha na maji, na maji yenyewe yalitakiwa yawe ya uvuguvugu. Nilikuwa nanyonyesha. Niliufuata ushauri ule wiki tatu, maziwa yakapungua, nikawa naona kizunguzungu kila nikiinuka kwenye beseni la nepi. Ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Itunze ile karatasi. Watu kumi na wanne wakiulizwa nani kaiba kuku, na kila mmoja akataja jina lake, hapo hakuna shahidi. Mwili hupata nguvu kutoka kwenye chakula, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori: gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Kinachozidi matumizi huwekwa akiba, na akiba hiyo ni mafuta, iwe ilianza kama ugali, maharage au mkate wa siagi. Chakula hakichagui kikakae wapi. Wanaochagua ni jinsia yako, umri wako na damu ya wazazi wako. Wanaume huanza kuweka kiunoni mapema. Wanawake wengi huweka mapajani na makalioni mpaka hedhi inapokoma, kisha akiba inaanza kuhamia tumboni. Ndiyo maana kaka na dada waliokula sinia moja miaka ishirini wanaweza kuvaa mikanda ya vipimo tofauti kabisa.

Sasa jiandae kwa limau, kwa sababu litakuja. Litakuja na maji ya uvuguvugu, alfajiri, kabla hujatia kitu tumboni, na pengine litaongozana na tangawizi, tango na kijiko cha asali. Anayekushauri ana sababu zake, na zimetoka jikoni: limau linakata shombo la samaki na linang'arisha sufuria yenye mafuta, basi kwa nini lisikate mafuta ya tumbo? Mjibu kwa kumchorea njia. Mafuta ya kitambi hayaelei ndani ya mfuko wa chakula. Mengine yako chini ya ngozi, yale unayoweza kuyashika kwa vidole, na mengine yako ndani zaidi, yamezunguka utumbo na kulizingira ini. Limau likishuka linakuta mfuko wa chakula wenye tindikali yake, kali kama ya limau au kuizidi. Likivuka kuingia utumbo mwembamba, kongosho linamwaga majimaji yanayoua ule ukali wote. Halifiki kwenye mafuta hata likitamani. Kijiko kikubwa cha asali, kwa upande wake, kimeongeza kalori kama 60 ambazo jana hukuwa nazo. Ukipenda limau, likamulie kwenye kachumbari, ni tamu na lina vitamini C. Ila kulinywa kila alfajiri kunakula meno, na mwenye vidonda vya tumbo litamuunguza.

Maji baridi nayo yatatajwa. "Ukinywa ya friji baada ya supu, mafuta yanaganda tumboni." Hii ina mvuto kwa sababu sote tumeiona supu ya mbuzi ikiganda kwenye bakuli. Bakuli lile, hata hivyo, halina damu inayozunguka. Ndani yako kuna nyuzi joto 37 usiku na mchana, na glasi ya maji baridi hupashwa moto humo muda si mrefu. Kunywa maji unayoyapenda, bora yawe safi.

Kwa wauzaji, wale wenye meza stendi na wale wanaopita ofisini na mkoba wa makopo, una swali moja tu la kuwauliza. Mimi naliita swali la mlango: "Mafuta yakitoka, yanatokea wapi?" Uliza, kisha nyamaza kabisa. Mmoja atakwambia yanatoka kwa jasho, ndiyo maana anauza mkanda wa mpira wa kufunga kiunoni. Mwingine atasema kwa choo, ndiyo maana anauza chai. Wa tatu atasema kwa mkojo. Jibu lilipigiwa hesabu vizuri na Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, mwaka 2014: mwili ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka puani na mdomoni kama hewa ukaa, na kilo 1.6 zilizobaki zinageuka maji. Kitambi hutoka kwa pumzi. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya, nikavuta hewa, nikaitoa, nikaona nimeonewa miaka yote. Ukipanda mlima ukahema, unakitoa. Ukilala usingizi, unakitoa polepole. Ukifunga mkanda wa mpira ukatoa jasho, umetoa maji, na utayarudisha ukinywa glasi mbili.

Mwenye chai msikilize kwa makini zaidi, kwa sababu yeye anaweza kukuumiza. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sanamaki, yale yale ambayo bibi zetu waliyachemsha kwa mtu aliyefunga choo, kidogo, siku moja au mbili. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chini kabisa, wakati chakula kimeshanyonywa juu huko kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mizani itashuka kilo mbili, mwenye chai atashangilia, na keshokutwa kilo zitarudi. Vidonge ndiyo usiguse kabla hujamwonyesha mfamasia pakiti yenye namba ya usajili. Dawa ya sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na tangu hapo imekuwa ikikamatwa nchi nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa mitishamba asilia. Muuzaji akikwambia ni majani matupu, na wewe usiku moyo unakwenda mbio na usingizi hauji, amini moyo wako.

Kijana wa mazoezi atakuagiza upige sit-apu mia kila asubuhi. Piga ukitaka, misuli itakaza. Ila mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wachezaji wa tenisi, watu wanaotumia mkono mmoja kuliko mwingine kwa miaka. Mkono wa raketi ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Mwili huchota akiba unakotaka wenyewe. Kutembea kwa kasi kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kutakusaidia kuliko kujikunja sakafuni.

Hapa nataka kukaa kidogo na mama aliyejifungua, kwa sababu hakuna tumbo linalosemwa kama lake. Pwani tuna neno mkaja, kile kitambaa anachofungwa mzazi tumboni, na neno hilohilo ndilo jina la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi, kukumbuka kwamba aliwahi kufungwa kwa ajili ya huyu binti anayeolewa leo. Ni neno la heshima. Siku hizi nasikia likitumika kama tishio: usipofungwa, usipokandwa maji ya moto, ukinywa maji baridi, tumbo litabaki hivyo mpaka kaburini. Mzazi unayesoma hapa, mji wa mimba wenyewe unahitaji kama wiki sita kurudi ulivyokuwa, ufungwe usifungwe. Kufungwa kwa kadiri kunampa mgongo nafuu, na kukandwa kwa maji ya moto kiasi kunaliwaza. Yanayochemka yanaunguza, hayayeyushi kitu. Tumbo likibaki limejitokeza miezi mingi baadaye, mara nyingi ni misuli miwili ya mbele iliyoachana wakati mtoto anakua. Jipime hivi: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha weka vidole juu ya kitovu. Vikizama viwili au zaidi kati ya misuli, mwone mtaalamu wa fiziotherapia, kuna mazoezi yake maalumu. Na ule. Anayenyonyesha anahitaji kalori kama 500 zaidi kwa siku. Akija mtu kukunyang'anya uji kwa sababu ya kitambi, mpe mtoto ambembeleze, wewe maliza bakuli.

Mzee anayekusifia tumbo naye usimkasirikie. Kwa kizazi chake, mwili ulionawiri ulionyesha nyumba ina chakula, na waliouona ukimwi ukiingia Kagera kuanzia mwaka 1983, wakati jirani zetu wa Uganda wakiuita ugonjwa huo Slim, walijifunza kuogopa mtu anayekonda. Hofu ile ilikuwa na makaburi yake. Mwambie, "Babu, naendelea vizuri, nimeamua tu kutembea."

Kuna tumbo ambalo si kitambi, na hili ndilo lililonifanya nisicheke tena mtu akitaja limau. Rafiki yangu alikunywa mchanganyiko wake miezi minane. Mikono ilikonda, shingo ilikonda, tumbo likazidi. Tulimwambia avumilie, na mimi nilikuwemo. Alipofanyiwa kipimo cha picha alikutwa na uvimbe kwenye kizazi, si saratani, lakini mkubwa, na hedhi nzito za miezi yote ile zilikuwa zimemmaliza damu. Uvimbe wa namna hiyo ni wa kawaida sana kwa wanawake weusi. Tumbo linaweza pia kujaa maji kwa sababu ya ini, au kuvimba kwa kichocho cha muda mrefu kwa watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Tumbo gumu, linalouma, linalokua haraka, au linalokua wakati mwili mwingine unapungua, halina ushauri wa saluni. Nenda kapimwe wiki hii.

Kama ni kitambi kweli, azima futi ya fundi cherehani. Tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, zungusha, toa pumzi ya kawaida, soma. Kwa mwanaume hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo huanza kupanda kwenye sentimita 94, kwa mwanamke 80. Ikifika 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke, imepanda sana. Ukishaisoma namba, angalia mambo yanayopita kimya kwenye ile karatasi ya vikoba. Kati ya vyakula kumi na kimoja, hakuna aliyetaja mafuta ya kupikia, na kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120, nasi humimina kutoka kwenye dumu bila kijiko. Hakuna aliyetaja soda tuliyokuwa tumeishika, chupa ya mililita 350 ambayo mara nyingi ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema ingekuwa vema tusizidishe kama sita kwa siku nzima. Hakuna mjomba aliyetaja bia, na ya nusu lita ina kalori kama 200. Maharage yaliyofukuzwa ndiyo yanayoshibisha muda mrefu. Yarudishe.

Mimi futi yangu naibeba kwenye mkoba. Mwezi uliopita shangazi alinibonyeza tena, nikamaliza tonge, nikanawa, nikamwomba nimpime yeye kwanza. Akacheka, akasimama, akajishika kiuno. Nikasoma 91. Akanyamaza kidogo, akauliza kipimo cha sukari kinafanyika siku gani zahanati. Nikamwambia Jumatatu twende wote. Kisha akaniambia nimpime upya, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amelivuta tumbo ndani.