Namna ya Kumtawaza Malkia Bila Kukimbiza Raia

Mizinga mitupu, nondo wa nta wamejimilikisha masega, nawe unamlaani nyegere. Mwache nyegere. Nyuki wetu wa nyika huhama kwa njaa, kwa siafu, kwa jua kali, na kwa pupa ya binadamu. Anayerina hadi sega la majana, kisha akauliza nyuki wameenda wapi, huyo anastahili kuchekwa hadharani, nami namcheka.

Basi safisha. Masega yenye nondo yachome, mzinga upake nta ndani, uutundike kivulini kwa waya wenye grisi ili siafu wasipande. Kundi likishaingia na kutulia, ndipo uanze siasa za ikulu.

Kwanza hesabu madume. Dume hukua siku 24 tangu yai, kisha huhitaji karibu wiki 2 kukomaa. Kama mzingani huoni dume hata mmoja, malkia wako ataolewa na nani? Subiri maua.

Pili, chagua mama. Wengi hukimbilia kundi lenye asali nyingi tu. Mimi nasema chagua lililovumilia kiangazi bila kuhama, tena lisilofukuza mbuzi na watoto hadi barabarani, kwa maana tabia hizo hurithiwa. Humo chukua majana ambao hawajamaliza siku moja tangu waanguliwe. Ukimwona vizuri bila kukodoa macho, amekwisha kuwa mkubwa mno. Yai la malkia na la kibarua ni lilelile. Kinachowatenga ni lishe, kwani malkia mtarajiwa hunyweshwa maziwa ya nyuki mpaka chumba chake kifunikwe. Mweke kila mmoja katika kikombe cha nta, kama G. M. Doolittle wa Marekani alivyoeleza kitabuni mwaka 1889, kisha uvipeleke vikombe kwenye kundi lenye nguvu lisilo na malkia.

Halafu ondoa mikono! Usifunue mzinga kila asubuhi kama mama mkwe anayekagua vyungu. Siku ya 9 au ya 10, kila chumba kipe kikundi chake kidogo cha nyuki, kwa sababu malkia wa kwanza kutoka huwadunga dada zake wangali vyumbani. Akitoka ataruka, atapandwa na madume wengi angani, na baada ya siku chache ataanza kutaga.

Msimu huo wa kwanza, ndugu mfugaji, usirine. Asali yote waachie wenyewe.